Kanusho la Dakika ya Ishirini na Tatu

Nchi ya Salamani haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta, wala asinitazame kwa jicho la pembeni akidhani namsema jirani yake. Ni nchi ya mbali sana. Watu wake wana masikio mawili mawili kama sisi na wanakula ugali kama sisi, ila serikali yao inawapenda mno, kiasi kwamba imewakataza kupatwa na mabaya.

Katika nchi hiyo kuna wilaya inayoitwa Mabwela, na Mabwela ina redio yake, Redio Tulivu. Mtangazaji wa michezo wa redio hiyo alikuwa Hatibu Mwachiro, mwanamume wa miaka hamsini na mbili, mwembamba, mwenye sauti nene ambayo hakuna aliyejua ilikuwa inakaa wapi katika kifua kile. Alikuwa ametangaza mpira kwa miaka ishirini na sita. Wapo watu waliokuwa hawajawahi kumwona usoni, lakini akikohoa hewani walijua ni yeye.

Miaka tisa nyuma ulishuka Waraka Namba Nne. Ulisema kwamba kuanzia siku hiyo hakuna jambo baya litakalotangazwa kuwa limetokea Mabwela mpaka liombewe kibali kwa Fomu ya Tukio Lisilopendeza, nakala tatu, siku kumi na nne kabla ya tukio lenyewe. Hatibu ndiye aliyeusoma hewani. Alipofika kwenye hizo siku kumi na nne alidhani mpiga chapa amekosea, akarudia mstari. Mpiga chapa hakuwa amekosea.

Mpira wa miguu ndio uliopata tabu kwanza. Kufungwa goli ni jambo baya, na mshambuliaji wa timu pinzani hawezi kusubiri wiki mbili mguu ukiwa juu. Kwa hiyo Hatibu alijifunza kuuacha mpira njiani. Penalti waliyopigiwa Mabwela na timu ya Kware miaka miwili iliyopita mpaka leo iko hewani, kibali hakijatoka, na golikipa aliyekuwa langoni siku ile bado amejirusha upande wa kulia. Kila sikukuu ya taifa Mkuu wa Wilaya humpongeza kwa uvumilivu.

Wananchi nao hawakukaa bure. Walianza kugeuza. Ndivyo walivyoita: kugeuza. Redio ikisema mvua ni za kutosha, akina mama wanaanika mihogo. Redio ikisema sukari imejaa madukani, watu wanapanga foleni kabla jua halijachomoza. Ikitangazwa kwamba nchi jirani ina njaa, wanajua huko wanashiba. Na Ofisi ya Wilaya ikikanusha jambo, basi hapo hakuna tena mjadala, maana ofisi haijawahi kukanusha jambo lisilotokea. Siku ilipokanusha kuvunjika kwa daraja, watu walibeba kamba na kukimbilia mtoni kabla Hatibu hajamaliza kusoma.

Yeye mwenyewe alikuwa anageuza. Mwaka wa homa, ile homa ambayo haikuwepo, aliletewa karatasi akasoma: "Wagonjwa wote waliolazwa zahanati ya Mabwela wamepona." Miongoni mwao alikuwamo binti yake Tatu, wa miaka sita. Alipolifikia lile neno "wote" alielewa, lakini taarifa ilikuwa fupi na akaimaliza. Alipofika nyumbani alimkuta mkewe Mwanasiti amekaa chini jikoni, mwiko kando, na majirani wameshatandika mikeka.

*

Siku ninayoisimulia ilikuwa Jumamosi, fainali ya Kombe la Utulivu, Mabwela Kombaini dhidi ya timu ya Wizara ya Utulivu kutoka makao makuu. Golikipa wa Mabwela alikuwa Sefu, mwana pekee aliyembakia Hatibu, kijana wa miaka ishirini na moja.

Asubuhi walikunywa chai wawili tu. Mwanasiti alikuwa ng'ambo ya mto Mzimvu kwa wiki ya pili, akimuuguza mama yake.

"Baba," Sefu alisema, akichovya mkate, "leo usinisifu sana."

"Kwa nini?"

"Jumamosi iliyopita ulisema nimedaka kama mashine. Mtaa mzima ukanipa pole."

Hatibu akacheka mpaka chai ikampalia.

"Mama atakuwa anasikiliza," Sefu akaendelea. "Sema nimecheza hovyo, afurahi."

"Siruhusiwi kusema umecheza hovyo, mwanangu. Wewe ni mali ya wilaya."

"Basi usinitaje kabisa."

"Nitatangazaje mechi bila golikipa?"

Sefu alichukua begi lake, akamwamkia baba yake mara ya pili bila sababu, akatoka. Hatibu alibaki anasuuza vikombe.

Saa nne alikuwa ofisini kwa Mkuu wa Wilaya kupokea maelekezo. Mheshimiwa Lukindo alikuwa mtu mnene, mkarimu, mwenye kupenda kipaza sauti kuliko chakula. Alieleza kwamba minara ya simu imezimwa hadi kesho asubuhi ili wananchi wasisumbuliwe na habari, na pantoni ya mto Mzimvu imesimamishwa kwa heshima ya mechi. Milango ya uwanja itafungwa kwa mnyororo mpira ukianza, kwa kuwa mwaka jana kuna watu waliondoka wakati yeye anahutubia. Ufunguo atakaa nao mwenyewe.

"Na kingine," akasema. "Leo Mabwela inatangazwa rasmi kuwa wilaya isiyo na majeruhi. Nimemwahidi Waziri. Tangu nishike ofisi hii hakuna mguu uliovunjika bila idhini yangu, na leo sitaki uwepo wa kwanza."

"Akianguka mchezaji, mheshimiwa?" Hatibu akauliza.

"Atakuwa amejilaza."

*

Kibanda cha mtangazaji kilikuwa juu ya jukwaa kuu, cha mabati, joto lake unaweza kukaangia mayai. Faida yake ni kwamba mtu aliyekaa humo aliona uwanja wote na nje ya ukuta pia. Upande wa kushoto palikuwa na kibanda cha kinyozi Mashaka, redio yake ikining'inia msumarini. Mbele zaidi, ng'ambo ya korongo, kulikuwa na zahanati, na barazani mwa zahanati alikaa Dokta Chausiku na redio yake ndogo na birika lake la chai, na pembeni ile pikipiki ya matairi matatu ya kubebea wagonjwa.

Kando ya Hatibu aliketi Bwana Zakayo Mbeleko, Afisa Uhakiki wa Matukio, na mhuri, na kidau cha wino, na rundo la fomu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto watano na tumbo la vidonda, na alichotaka duniani ni kustaafu.

Dakika ya tisa timu ya Wizara ikafunga. Nyavu zilitikisika, wachezaji wao wakakumbatiana, mwamuzi akaonyesha katikati.

"Mpira umepigwa," Hatibu akatangaza, "ni shuti kali la mguu wa kushoto, mpira uko njiani. Unakuja. Bado uko njiani, ndugu msikilizaji. Ni mpira unaokwenda taratibu sana."

Mbeleko akavuta fomu akaanza kujaza. Uwanjani mpira uliwekwa kati na mchezo ukaendelea, na kuanzia hapo Hatibu alikuwa na mipira miwili ya kutangaza, mmoja unaochezwa na mmoja ulio safarini. Kwa kinyozi watu walishika vichwa. Walishajua wamefungwa moja.

Dakika ya ishirini na tatu ikapigwa kona. Sefu alitoka langoni akaruka vizuri, mikono yote miwili juu, akaudaka. Mshambuliaji wa kati wa Wizara, jitu la kilo tisini na ushee, aliruka akiwa amechelewa, goti mbele. Goti lile lilimpata Sefu ubavuni, upande wa kushoto. Hatibu aliusikia ule mgongano kutoka juu kibandani, au alidhani ameusikia.

Sefu alianguka na mpira wake mikononi. Mpira ukatoka mikononi, ukabingirika. Yeye hakuufuata.

"Golikipa amejilaza," Hatibu alitangaza, kwa mazoea ya miaka tisa.

Kisha akamwona mwanawe anafungua mdomo na kuufunga. Kifua hakipandi. Wenzake wamemzunguka, mmoja amekimbilia sanduku la huduma ya kwanza, amerudi mikono mitupu kwa sababu sanduku lilitiwa lakiri asubuhi. Wilaya isiyo na majeruhi haiwezi kuonekana na bandeji. Mashabiki waliokuwa karibu na geti wakaanza kulitikisa, mnyororo ukalia, askari wakawarudisha kwa marungu.

Hatibu alifunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Bwana Mbeleko. Yule ni mwanangu."

"Naona, Bwana Hatibu. Pole sana. Hapana, nimekosea, pole ni ya tukio lenye kibali." Mbeleko alianza kupekua fomu. "Tujaze. Jina la mhusika tunalo. Tarehe ya tukio, leo. Tarehe ya kuomba kibali..." Akahesabu kwa vidole. "Ilitakiwa uombe tangu wiki mbili zilizopita."

"Ningejuaje?"

"Hilo halina sehemu ya kujaza."

Mtu anayemwona mwanawe chini hakumbuki desturi za nchi. Hatibu aliondoa kiganja, akasema kama ambavyo hajasema kwa miaka tisa, moja kwa moja: "Dokta Chausiku, njoo uwanjani. Sefu ameumia, ameumia vibaya. Hawezi kupumua. Njoo na vifaa vyako, Dokta, mwanangu anakufa."

Kwa kinyozi Mashaka kukalipuka kicheko. Watu waligongeshana mikono. Mashaka mwenyewe alitoka nje na mkasi mkononi akacheza hatua mbili tatu. Hatibu aliwaangalia bila kuelewa, kisha akatazama ng'ambo ya korongo. Dokta Chausiku alikuwa ameinua kichwa kusikiliza. Aliridhika, akanyoosha miguu juu ya stuli, akajimiminia kikombe kingine.

Hapo ndipo Hatibu alipoelewa. Walikuwa wamegeuza. Kwa masikio ya Mabwela alikuwa ametangaza kwamba Sefu ana nguvu za simba, na daktari apumzike.

Mbeleko alikuwa ameshazima kipaza sauti. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. "Bwana Hatibu, umetuua. Umenifukuzisha kazi, mimi na watoto wangu. Kanusha."

"Nini?"

"Kanusha. Sasa hivi. Kanusha kila neno."

Hatibu alimtazama yule mtu mwenye mhuri. Machozi yalikuwa yanamtoka, na humo kwenye machozi wazo likamjia. Kukanusha. Habari ya kawaida watu wanaigeuza, kanusho wanalikimbilia.

"Washa," akasema. "Nakanusha."

*

"Ndugu wasikilizaji wa Redio Tulivu," Hatibu alianza, na sauti ile nene ikajaa wilaya nzima, "nakanusha vikali taarifa niliyoitoa punde. Nakanusha kwa niaba ya ofisi, na kwa moyo wangu wote. Hakuna aliyeumia katika uwanja huu."

Mbeleko alishusha pumzi, akagonga mhuri.

"Golikipa wetu Sefu Hatibu ana afya njema kuliko siku zote za maisha yake. Hasa ubavu wa kushoto. Ubavu wa kushoto haujapigwa na goti lolote, na pafu la upande huo linafanya kazi vizuri ajabu. Midomo yake haina rangi yoyote ya kutisha."

Mhuri.

"Dokta Chausiku namwomba asijisumbue. Asiache chai yake ikapoa. Asichukue ile sindano yake kubwa, haitakuwa na kazi. Asipande pikipiki, na akipanda asipite njia ya mkato ya korongoni, maana muda upo mwingi sana."

"Vizuri," Mbeleko akanong'ona. "Vizuri sana."

"Geti la mashariki liko wazi, halina mnyororo wala halina askari. Wananchi mlio nje msije. Msije na kitanda cha kubebea mtu. Msikimbie."

Kabla mhuri wa mwisho haujakauka, birika la Dokta Chausiku lilikuwa linabingirika barazani. Hatibu aliona koti jeupe likiingia ndani na kutoka, akaona pikipiki ikikohoa moshi na kuelekea korongoni. Kwa Mashaka kinyozi hapakubaki mtu. Walitoka mbio, mmoja akiwa na nusu ya nywele, wawili wamebeba kitanda cha kamba cha mama muuza vitumbua. Kila kichochoro kilimwaga watu. Walikuwa hawapigi kelele. Walikuwa wanakimbia tu, na vumbi lao likafika kabla yao.

Wakati huo Mheshimiwa Lukindo alikuwa ameshateremka uwanjani. Mchezo ukisimama, kipaza sauti cha uwanja hubaki bure, na yeye hakuweza kuvumilia jambo hilo. Alisimama hatua tatu kutoka alipolala Sefu.

"Ndugu wananchi," alihutubia, "mtazameni kijana huyu. Katika nchi nyingine kijana wa umri wake yuko barabarani anadai mambo. Kijana wetu amelala. Na kwa nini amelala? Amelala kwa sababu ana amani. Mtu hawezi kulala mahali kama hapa, juani, mbele ya watu elfu nne, kama nchi yake haina utulivu."

Kule juu Hatibu alikuwa anahesabu. Hakujua anahesabu nini. Alihesabu mpaka mia moja na arobaini, akaanza upya.

Ndipo umati ukafika getini. Mheshimiwa alisikia mshindo wa miguu, akageuka, akaona vichwa vimejaa nyuma ya nondo. Uso wake ukang'aa.

"Mnawaona?" akauambia uwanja. "Wamesikia nahutubia. Wamekuja kwa hiari yao." Akatoa ufunguo mfukoni mwa koti, akampa askari. "Wafungulie watu wangu."

Watu wake walimpita pande zote mbili bila kumwangalia. Dokta Chausiku alipiga magoti kwenye majani na kukata jezi kwa mkasi. Kutoka kibandani Hatibu aliona mgongo wake tu, na mguu mmoja wa Sefu, wenye soksi ya kijani iliyoteremka. Mguu ulikuwa umenyooka. Aliambiwa baadaye kwamba sindano ilipoingia katikati ya mbavu hewa ilitoka kwa sauti, kama tairi la baiskeli likichomolewa valvu, na walio karibu waliisikia. Yeye hakusikia. Aliukodolea macho ule mguu.

Mguu ulikunjika gotini.

"Mpira," Hatibu akatangaza, akaanza tena, "mpira unakaribia kuendelea."

*

Aliitangaza mechi hadi mwisho, kwa sababu bila mtangazaji mechi haihesabiwi kuwa imechezwa. Wizara ilifunga mara sita. Filimbi ya mwisho ilipopulizwa, Mabwela walitangazwa mabingwa, mipira sita ikiwa bado njiani. Saa kumi na moja na robo Hatibu alikuwa zahanati, koti begani, viatu vimejaa matope ya korongo.

Sefu alikuwa amelala na mrija ubavuni. Alikuwa anapumua. Hatibu alimshika kidole cha mguu, kwa kuwa hakutaka kumwamsha.

"Kesho atakula uji," alisema Dokta Chausiku, mama wa makamo, mkavu wa maneno. "Umekanusha vizuri, Bwana Hatibu. Uliposema nisichukue sindano kubwa, nikajua ni pafu, nikaja nayo mkononi. Ila ile mara ya kwanza ulitaka kunipotosha."

"Nisamehe, Dokta. Nilisema kweli. Nilichanganyikiwa."

"Usirudie." Kisha akakunja mikono ya koti lake. "Mama yake yuko wapi?"

Hatibu alifungua mdomo kujibu, ndipo akakumbuka. Mwanasiti alikuwa ng'ambo ya Mzimvu, redio sikioni, na alichosikia saa tisa na nusu ni kwamba Sefu ana afya njema kuliko siku zote za maisha yake. Alikuwa amesikia kanusho. Na tangu hapo hakusikia kitu kingine, kwa kuwa Hatibu hakuthubutu kumtaja tena kijana mpaka mechi ilipokwisha. Simu zimezimwa. Pantoni imefungwa. Mwanasiti alikuwa amekaa chini mahali fulani na kanga kichwani, kama alivyokaa jikoni mwaka ule, na safari hii ni mtoto wa mwisho.

"Ana presha," Hatibu akasema. "Tangu Tatu. Hawezi kulala na hili mpaka kesho."

"Unayo taarifa ya habari ya saa kumi na mbili," Dokta akamwambia.

*

Mheshimiwa Lukindo alimsubiri studio akiwa na barua mbili. Ya kwanza ilikuwa ya pongezi, yenye mihuri minne, ikimsifu Hatibu kwa kanusho bora kuwahi kutolewa wilayani. Ya pili ilikuwa taarifa ya kusoma.

Hatibu aliisoma kimyakimya. "Golikipa Sefu Hatibu ni mzima. Anaendelea vizuri sana chini ya uangalizi wa zahanati yetu ya kisasa."

"Mheshimiwa," akasema, "naomba nisiisome hii."

"Kwa nini? Ni ya kweli." Mkuu wa Wilaya alilitamka neno hilo kwa fahari, kama mtu aliyeonja chakula cha kigeni akakuta kinaliwa. "Nimetuma mtu zahanati akamwona kijana kwa macho. Mzima. Ni taarifa ya kwanza ya aina yake katika ofisi yangu, nami nataka uisome wewe, baba mtu."

Hatibu alikaa mbele ya kipaza sauti. Mbeleko akakaa pembeni, mhuri tayari. Saa ya ukutani ilibakiza dakika mbili.

Yeye akiisoma karatasi ile, Mwanasiti atasikia kwamba Sefu ameshavishwa sanda. Atasikia "anaendelea vizuri" na hatauliza mtu. Hatibu alitafuta namna nyingine. Kukimbia hadi Mzimvu ni mwendo wa saa tano na maji yamejaa. Kukaa kimya ni kumwacha mkewe na lile kanusho. Kukanusha hakuweza, hakuna aliyemwagiza, na angekanusha nini, kwamba kijana ni mzima? Ilibaki njia moja, na alipoitazama mwili wake wote ulikataa. Nani anamtamkia mwanawe neno lile, kwa mdomo wake, hewani, na mtoto yuko hai anapumua kwa mrija? Aliogopa kwamba akilitamka litasikika mahali pengine pia, huko yanakosikika maneno ya baba juu ya mwana.

Alimkumbuka Tatu. Kwa Tatu alisoma alichopewa.

Taa nyekundu ikawaka.

"Ndugu wasikilizaji," alisema. "Ninayo habari ya mwanangu. Nasikitika kuwaarifu, nawe mama Sefu popote ulipo nakuarifu, kwamba Sefu Hatibu, golikipa wetu, amefariki dunia. Hatakula uji kesho asubuhi. Hatarudi nyumbani. Hakuna tumaini. Lieni kadiri muwezavyo."

Mhuri wa Mbeleko ulibaki juu. Mheshimiwa Lukindo alikuwa bado anatabasamu, kwa sababu tabasamu lake lilichukua muda kuondoka.

Kigelegele cha kwanza kilitokea upande wa kwa Mashaka. Cha pili kikapokelewa sokoni, na baada ya hapo havikuhesabika. Mabwela yote ilipiga vigelegele. Wanaume walipiga makopo, na magari mawili ya wilaya yalipigishwa honi na madereva wao wenyewe. Mkuu wa Wilaya alikwenda dirishani akatazama wananchi wake wakishangilia msiba, na hapo kwa mara ya kwanza katika utumishi wake alionekana hajui la kusema.

Ng'ambo ya Mzimvu, mwanamke aliyekuwa amekaa sakafuni tangu saa tisa na nusu aliondoa kanga kichwani. Akauliza kama kuna chakula kilichobaki.

*

Hatibu alishtakiwa wiki iliyofuata. Barua ya pongezi ilirudishwa ofisini ikafutwa mihuri, mmoja mmoja. Mwendesha mashtaka alidai kwamba mshtakiwa, akiwa na akili timamu, alitangaza kwenye redio ya umma jambo ambalo si la kweli. Kielelezo kilikuwa Sefu mwenyewe, aliyeletwa mahakamani kwa miguu yake, akaketishwa kwenye benchi la vielelezo na karatasi ya namba kifuani. Mama yake aliketi karibu naye ingawa hakuwa kielelezo, akiwa ameshika ukosi wa shati lake, na karani alimwambia mara mbili auachie na mara mbili hakuuachia.

"Ulitangaza kwamba mwanao amekufa," hakimu akasema. "Amekufa?"

"Hajafa, mheshimiwa hakimu."

"Kwa hiyo ulisema uongo."

Hatibu aligeuka akalitazama benchi. Sefu alikuwa amenenepa kidogo. Mwanasiti alikuwa anamtazama mumewe bila kupepesa, kwa macho maangavu ya mtu aliyelala vizuri.

"Nilisema uongo," akajibu.

Hakimu alimwagiza karani aandike kosa daftarini. Karani alipekua daftari la mashtaka tangu mwanzo, ukurasa kwa ukurasa, akitafuta safu ya kusema uongo redioni. Palikuwa na safu ya uzururaji, ya wizi wa kuku, ya kusema kweli bila kibali, hiyo ya mwisho ikiwa imejaa mpaka pembezoni. Safu ya uongo haikuwepo. Katika miaka yote ya nchi ile hakuna aliyewahi kushtakiwa kwayo. Karani akaomba rula, akachora mstari mpya, akaandika katika safu hiyo jina la Hatibu Mwachiro, wa kwanza.